Bomba la Nikeli

Sokoni Darajani asubuhi hapapitiki. Ndani ya duka la vyuma, kijana mrefu mwenye kofia ya kiua alikuwa akigeuzageuza bomba linalong'aa. Lamya, kwa buibui jeusi na ushungi wa zambarau, akasimama kutazama.

"Wanitazama mie au bomba?"

"Bomba. Wewe nshakuona."

Kijana, jina lake Thuwaini, akacheka. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye hoteli moja ya Uroa. Lamya alipima vyuma katika maabara mjini. Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa, huku "roho yangu", kule "kipenzi".

Siku moja Thuwaini akamwalika hotelini kuona boila, mtambo wa kuchemshia maji. Mbele ya meneja na mafundi wenzake akajipiga kifua: "Motoni humo nimefunga bomba la nikeli, ghali kuliko yote. Mwulizeni mtaalamu wangu!"

Lamya alinusa salfa kwenye mafuta mazito yaliyouwasha moto huo. Kwenye moto mkali salfa huila nikeli mpaka ikalainika na kuyeyuka. Hapo palitakiwa chuma chenye kromi nyingi, kinachojivika ngozi ngumu. Lakini umpendaye humvunjii heshima mbele za watu.

"Litafaa, inshallah," akasema. Alikusudia kumwambia faragha, kwenye simu. Alipompigia akamkuta na furaha tele, akaahirisha. Akaahirisha tena.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bomba lilipasuka, moto ukamuunguza Usi, fundi mwenzake Thuwaini, na jicho lake moja likapofuka.

"Ulijua?" Thuwaini aliuliza kwenye simu.

"Nlijua. Nlikustahi."

"Bora ungenitukana, Lamya!" Akakata, asipokee tena.

Lamya alilia, akajichukia. Kisha akaenda Jang'ombe, nyumbani kwa Usi, kumtaka radhi. Sebule ilijaa wageni, Thuwaini miongoni mwao, amekonda.

"Nisamehe, kaka Usi. Nlijua, nikanyamaza."

Usi akamgeuzia jicho lililobaki. "Jicho halirudi, dada. Lakini nimekusamehe."

Mgeni mmoja akauliza habari za boila.

"Nshanunua bomba jengine," alisema Thuwaini. "Nikeli ile ile, ila nene maradufu. Wembamba ndio ulotuponza."

Lamya alimpenda bado, na alijua akimkosoa hapo angeweza kumkosa moja kwa moja.

"Halifai," akasema mbele ya wote. "Litachelewa tu kuliwa. Tafuta lenye kromi."

Uso wa Thuwaini ukaiva. Lamya alipoaga, akamfuata mlangoni.

"Leo hukunistahi, ukaniokoa. Nimtume mama kwenu alete posa? Kama hutaki, sema hapa hapa, wasikie."

"Mtume," akasema Lamya, machozi yakimtoka. "Lakini kwanza karudishe bomba."