Mapenzi Yanayosomwa Kutoka Kulia

Mvua ya Kamembe, mji wa Rwanda ulio ukingoni mwa mpaka wa Kongo, haina adabu. Siku hiyo ya mwaka 2012 ilimkuta Nsimire katikati ya soko, furushi la vitenge kichwani, akakimbilia duka la kwanza aliloliona wazi. Lilikuwa duka la Aimable, aliyenakili filamu kwenye diski na kuziuza. Ndani watu walibanana mbele ya televisheni ndogo. Kwenye kioo walionekana mvulana na msichana wa Kijapani, wamechorwa kwa macho makubwa, wamesimama kituo cha gari moshi wakitazama viatu vyao.

"Hawa banangoja nini?" aliuliza Nsimire huku akikamua maji kwenye pindo la kitenge chake cha njano.

"Banangoja kusemeana," alijibu Aimable bila kugeuka. "Hii ni épisode ya kumi na tisa. Bado hajamwambia."

"Kumi na tisa! Kwetu ku Bukavu, siku mbili tu mwanaume amekwisha kukuita bibi yake!"

Duka zima lilicheka. Aimable aligeuka ili amjibu, akaona vishimo vya mashavu yake, akamsogezea kigoda. Alikuwa kijana mwembamba, shati limenyooka kwa pasi, vidole vimejaa wino, kwa sababu saa za bure alikuwa akichora.

"Njo uzuri wake, dada," alisema. "Mule muntu hamugusi mwenzake mbele ya kumwambia. Siku bakishikana mukono tu, weye unalia."

"Miye? Nilie ju ya katuni?"

Alilia. Haikupita wiki mbili. Wale wanaodhani katuni za Kijapani ni mambo ya watoto, waende wakaone jinsi zinavyoshughulika na mapenzi. Msichana anafunga chakula cha mchana cha watu wawili na kukila chote peke yake kwa woga. Mvulana anatembea na mwavuli ulioinamia upande wa mwenzake, bega lake mwenyewe limelowa, na hasemi neno. Halafu siku inafika, anasimama wima, uso mwekundu, anasema: nakupenda. Hakuna mzaha wala ujanja. Mimi nawavulia kofia.

Basi kila Nsimire alipovuka kutoka Bukavu, upande wa Kongo, kuuza vitenge, alikaa kwenye kigoda cha Aimable mpaka wakati wa kurudi mpakani. Akifika kwao, simu ililia.

"Allô, mwenye macho makubwa. Umefika?"

"Nimefika, Papa Katuni. Maman anauliza nani ananipigia kila magaribi."

"Umwambie ni muntu wa maana."

"Huyo muntu wa maana, atakuja kutuamkia lini?"

Hapo Aimable alikohoa na kubadili mazungumzo. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda, na yeye alikulia Bukavu. Mwaka 1996, vita vilipoingia mjini, walivuka daraja la Rusizi wakikimbia, yeye akiwa mtoto amelishika gauni la mama yake. Tangu hapo hakuwahi kulivuka tena daraja hilo. Kisha mwezi wa Novemba mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa waasi waliosemekana kusaidiwa na Rwanda, na Bukavu watu wakawa na hasira na kila kitu kilichotoka Rwanda. Woga wake ukapata sababu mpya.

Akafanya alichokiweza. Alichora manga yake mwenyewe, kitabu cha hadithi ya picha kama za Wajapani. Ilianza na watu wawili wasiojuana wakati wa mvua, wamepeana migongo, ikaishia darajani, wameshikana mikono. Alichora bila maneno, na kwa mtindo wa Kijapani kabisa, kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini fundi wa fotokopi alitia pini upande wa kushoto kama kawaida yake, ukurasa wa mwisho ukawa wa kwanza, na Aimable, kwa kiherehere cha mapenzi, hakumweleza Nsimire lolote. Alimtilia kurasa zile kwenye furushi akakimbia.

Nsimire alizisoma kwa kuanzia kushoto, kama alivyofundishwa shuleni. Akaona wapenzi wameshikana mikono darajani. Akaona mikono inaachana. Ukurasa wa mwisho walikuwa wageni, wamepeana migongo, mvua inanyesha. Moyo wake uliuma vibaya sana.

Siku nne hakushika simu. Ya tano akapiga yeye.

"Aimable, nilikuja kuchukua vitenge vyangu Kamembe. Sasa niko mpakani, ku frontière, narudia kwetu. Kesho naenda mbali, Kalemie, kwa tantine, dada ya maman, nitafanyia biashara kule."

"Kalemie? Chérie, ju ya nini?"

"Ulinichorea vizuri. Tulipendana, kisha hatujuane tena. Nimeelewa. Vita imekuchosha na miye Mukongomani."

Simu ikakatika. Aimable alisimama akarudia maneno yale kichwani, na ghafla akajipiga paji la uso. Aliacha duka wazi, akapanda pikipiki.

Alimkuta Rusizi ya Kwanza, penye daraja la mpakani, kwenye msururu wa mama wachuuzi, macho yamevimba.

"Uko nazo zile kurasa? Ulisoma kinyume! Bo Bajaponi banaanzia kuume. Geuza!"

Nsimire alizigeuza polepole. Waliopeana migongo wakageukiana, mvua ikakatika, mikono ikashikana. Mama wachuuzi walichungulia juu ya bega lake. "Ee, balioana!" mmoja akasema.

Nsimire hakucheka. "Makaratasi imesema. Weye je?"

Aimable alisimama wima, masikio yanamwaka moto. "Nsimire, ninakupenda. Usiende Kalemie. Nataka ukuwe bibi yangu."

"Maman anasema wewe unanipenda hapa tu, ng'ambo ya mayi. Kule kwetu huwezi fika." Alizikunja zile kurasa. "Na miye siwezi olewa na muntu wa huku tu, Aimable. Siwezi."

Aimable aliutazama mto. Akachukua furushi kichwani mwa Nsimire, akaliweka kichwani mwake, akatoa kitambulisho.

Walivuka daraja. Upande wa pili askari alikipokea kitambulisho, akakisoma, akamtazama usoni.

"Mnyarwanda. Siku kama hizi? Unaenda fanya nini mu Bukavu?"

Nsimire alifungua kinywa amsaidie, lakini Aimable akamtangulia, kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma ya msururu:

"Naenda kuomba bibi, chef. Ni huyu."