Bibi wa Bukavu

"Ile ya bibi, Harjit, kata maganda ya mkate yote. Ana meno ya kuhesabu."

Beatha alisema kwa Kiingereza, ameegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili, maana miguu ilishagoma. Alitoka shifti ya usiku saa mbili asubuhi kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, akavuka London nzima kutoka Peckham hadi Hounslow, na usingizi wote alioupata ni ule wa kichwa kugonga dirisha la treni. Lakini ilikuwa Jumamosi ya kumpokea bibi, Machi 2005. Utampokeaje bibi wa mchumba wako ukiwa umelala?

"Na ile kabichi ya pilipili?" Harjit aliuliza.

"Usimuue kabla hajafika. Weka yai na sukari yako, basi."

Harjit ni Kalasinga aliyekaa miaka tisa kwenye jiko la Wakorea kule New Malden, akajifunza mambo yao, halafu akaja kufungua kijiduka chake karibu na stesheni. Humo anauza sandwichi za Kikorea kwa watu wa airport. Mkate anaukaanga kwa siagi, yai analipiga pamoja na kabichi na karoti, juu ananyunyiza sukari bila aibu yoyote, anakufungia kwenye karatasi. Ukitaka nyama, anayo ya ng'ombe iliyolala kwenye soya na peasi. Bei ya kawaida, tumbo linanyamaza mpaka jioni. Kwa mtu anayesafisha ndege kama Dieumerci, mchumba wa Beatha, au kugeuza wazee kitandani kama Beatha mwenyewe, hicho ndicho chakula.

Dieumerci mwenyewe alikuwa meza ya karibu na friji, sandwichi yake imepoa mbele yake, hajaigusa. Jana alimtumia Beatha meseji: "Kesho saa tano kwa Harjit, mbele ya airport. Niko na neno."

Mtu mwingine angetafuta duka lililoko mbele ya airport. Beatha hakuhangaika. Yeye ni wa Bukoba, Dieumerci ni wa Bukavu, na kwa miaka miwili alishakizoea Kiswahili cha mwanaume wake. Mbele ni kabla, au kwanza. Eko ni yuko. Alijiona amehitimu. Na hilo neno, alishaamua moyoni, lilikuwa tarehe ya harusi.

Akaketi, akatoa kwenye mfuko sweta la sufi la rangi ya zambarau.

"Nimeona bibi asije akapata nimonia. Mwezi wa tatu huu unadanganya watu."

"Beatha."

"Na kiti cha magurudumu uliomba? Wale wanaleta mpaka mlangoni, ni kusema tu."

"Beatha, sikia mbele. Mimi naomba usifike airport."

Beatha alilishusha sweta mezani.

"Kwa nini?"

"Haiko muzuri."

"Nimeomba off wiki tatu kabla. Mama yangu Bukoba anasubiri nimpigie simu aisikie hata sauti ya bibi. Halafu unaniambia haiko muzuri."

Dieumerci alijipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa mwanaume mpole, wa kubeba mizigo ya watu bila kuombwa, na upole huo ndio uliompata Beatha.

"Bibi yangu haiko muzee," alisema.

"Si mzee kivipi?"

"Eko na miaka makumi tatu na sita."

Beatha alicheka. Alicheka kweli, kile kicheko cha mtu ambaye hajalala.

"Bibi wa miaka thelathini na sita? Amemzaa mama yako akiwa na miaka mingapi, Dieumerci? Wewe mwenyewe una arobaini."

"Hakuzaa mama yangu. Koko yangu, mama ya mama yangu, alikufaka zamani. Ule anakuja leo anaitwa Euphrasie. Tulifunga ndoa kanisani, elfu moja mia tisa makumi tisa na tano. Bibi, Beatha. Mke. Kwetu bibi ni mke."

Friji ilinguruma. Harjit alikuwa akikata maganda ya mkate kwa uangalifu, kama alivyoagizwa.

Kwanza Beatha hakuhisi kitu. Kisha akahisi aibu kubwa, aibu ya kijinga, kwa sababu ya sweta.

"Umenidanganya miaka miwili," alisema polepole.

"Non. Nilikuambia siku ya kwanza. Hapa hapa, meza hii."

Na kwa bahati mbaya alikuwa anasema kweli. Beatha aliikumbuka vizuri ile siku. Februari, mvua, meza zote zimejaa, akaomba kukaa na mwanaume aliyemsikia akiongea Kiswahili kwenye simu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuionja sandwichi ya Harjit. Aliuma, akakuta sukari kwenye yai, akasema, "Huyu mtu amekosea kopo," na yule mwanaume akacheka hadi chai ikampalia. Wakaongea. Akamwambia, "Niko na bibi yangu kule Bukavu, vita ilitutenganisha." Na yeye Beatha, kwa huruma yote, akajibu, "Mungu amtunze. Wangu mimi alishafariki."

"Ukasema wako alikufa," Dieumerci aliendelea. "Nikazani uko mujane. Nikazani tumeelewana. Wewe umepoteza bwana, mimi bibi eko mbali, hatujui kama tutaonana tena. Nikasema, huyu mama anajua hali yangu, na amekubali."

"Nilikuwa namzungumzia bibi yangu. Mama yake baba. Alikufa kwa pumu."

"Leo najua."

"Leo?"

Dieumerci aligeuza macho kwenye friji. Na hapo ndipo Beatha, aliyekuwa amechoka hadi mifupani, alipoamka kabisa.

"Ulijua lini?"

"Beatha..."

"Sikuulizi kingine. Neno tulilikosea wote, sawa, hilo ni la Mungu. Ulijua lini kwamba mimi nadhani ni nyanya yako?"



"Siku ya dawa ya magoti."

Dawa ya magoti. Januari ya mwaka jana. Beatha alimnunulia bibi dawa ya kuchua na soksi pana za wazee wenye miguu iliyovimba, akampa Dieumerci azitume na mtu. Alimpa na maelekezo: apake asubuhi na jioni, wazee wa umri wake wasilale na baridi. Dieumerci aliipokea ile dawa, akaitazama, akasema asante.

"Miezi kumi na minne," Beatha alisema.

"Niliogopa. Nilizani visa haitatoka. Nikasema, nikimwambia ataenda, na bibi hatafika, nitabaki mimi mwenyewe tena. Nilichoka kukaa peke yangu."

"Na ile siku nilipokuuliza barua ya posa, ukasema hatuwezi kupanga kitu mbele bibi hajafika?"

Beatha hakungoja jibu.

"Nilimpigia mama yangu, Dieumerci. Nikamwambia nimepata mwanaume mwenye adabu, hawezi kuoa bila baraka za bibi yake. Mama akaenda kuwatangazia jumuiya nzima. Wanakuombea bibi yako safari njema mpaka leo asubuhi."

Machozi yakamtoka, akayaacha, maana hata nguvu ya kuyafuta hakuwa nayo. Ana miaka thelathini na tisa. Kulikuwa na Lambert, fundi umeme wa Peckham, mjane kweli, aliyemfuata kwa heshima mwaka mzima, naye akamkatalia kwa sababu ya mwanaume huyu anayengoja bibi. Lambert sasa ana mke.

"Mimi nakupenda," Dieumerci alisema. "Hiyo haikuwa uongo. Tutatafuta namna. Euphrasie ni mutu wa kuelewa."

"Ananijua?"

"Anajua kuna dada wa kanisa, mu Tanzania, anatusaidia."

Harjit alifika na ule mfuko wa karatasi, akautua mezani taratibu. Hakuelewa Kiswahili chao, lakini machozi hayahitaji mkalimani.

"Ya bibi," alisema. "Laini sana. Nimeongeza yai."

Beatha alisimama. Akalikunja sweta, akauchukua na mfuko.

"Twende."

"Wapi?"

"Airport. Nimeomba off ya kumpokea bibi, na nitampokea."

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, Dieumerci nyuma kabisa. Simu ikaita kabla hawajafika mbali. Mama.

"Beatha mwanangu, bibi ameshatua?"

"Bado, mama."

"Akitua umsalimie kwa heshima, upige goti, usijifanye Mzungu."

"Mama, nitakupigia baadaye. Waambie jumuiya wapumzike sasa."

"Wapumzike? Kuna nini?"

"Nitakupigia, mama."

Pale airport walisimama kwenye kile kizuizi cha chuma na watu wengine, kati yao nafasi ya mtu mmoja. Saa tisa kasoro abiria wakaanza kutoka. Familia, wafanyabiashara, masista wawili. Halafu akatoka mwanamke mwembamba, kitenge cha kijani, viatu vya wazi, sanduku moja limefungwa kwa kamba. Macho yake yalipita juu ya Dieumerci bila kusimama. Miaka minane ya kutengana, na mwanaume alishanenepa, kipara kimeingia. Akaja moja kwa moja kwa Beatha.

"Dada, samahani. Unasikia Kiswahili? Natafuta bwana yangu."

Beatha alikuwa amepanga maneno njia nzima. Maneno makali, mazuri, yenye mpangilio. Alipomwona anatetemeka kwenye vile viatu vya wazi, yote yakamtoka. Akamvalisha sweta mabegani.

"Bwana yako ni huyo hapo," alisema.

Euphrasie aligeuka. Akamtazama Dieumerci kutoka juu mpaka chini, akaweka kiganja mdomoni. Dieumerci akaanza kulia. Alimsogelea, akamshika mikono, wakasimama hivyo, na Beatha angeweza kuondoka dakika ile. Wengi wangemshauri aondoke. Lakini Euphrasie alitazama sweta, kisha akamtazama yeye.

"Na huyu dada ni nani?" alimuuliza mumewe.

"Ni dada wa kanisa," Dieumerci alisema.

Wepesi wa lile jibu ndio uliommaliza Beatha.

"Hapana," alisema. "Naitwa Beatha. Nimekuwa naye miaka miwili. Aliniambia ana bibi, na kwetu bibi ni mama wa mama yako, ndivyo nilivyoelewa. Yeye aligundua nimekosea mwaka jana, akaniacha hivyo hivyo. Mimi nimejua leo, saa tano. Sijaja kukunyang'anya. Nimekuja kwa sababu nilikuwa nakungoja."

Euphrasie hakupiga kelele. Aliketi juu ya sanduku lake, taratibu, kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Bukavu.

"Ulizani mimi ni koko?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ni weye ulituma ile dawa ya magoti?"

"Ni mimi."

Midomo ya Euphrasie ilicheza, kicheko au kilio, kisha ikatulia. Akainua uso kwa mumewe.

"Na weye ulijua, ukamuacha vile?"

"Euphrasie, unielewe. Nilikuwa peke yangu."

"Mimi nilikuwa na nani?"

Dieumerci aliangalia sakafu, ile wanayoisafisha wenzake kila siku.

Watu walipita na mizigo yao, dereva mmoja ameinua kibao cha jina la mtu. Hatimaye Euphrasie alimgeukia Beatha.

"Dada, unaishi wapi?"

"Peckham. Ni mbali kidogo."

"Uko na kitanda?"

"Kimoja. Kikubwa."

"Mimi sijalala siku tatu," Euphrasie alisema. "Weye pia, naona macho. Huyu mwanaume nitamusikiliza, ni bwana yangu, nimevuka bahari kwa ajili yake. Lakini nikimusikiliza leo nimechoka, nitaamini kila kitu atasema. Unipeleke nilale kwako."

Beatha alimtazama mke wa mwanaume wake. Alitafuta chuki, akajua iko mahali fulani na itamfikia kesho au keshokutwa, ikiwa imeshiba usingizi. Leo hakuiona.

"Twende," alisema.

Dieumerci aliinama kushika sanduku. Euphrasie aliweka mguu juu yake.

"Acha," alisema. "Sisi tutabeba."

Wakalishika wawili, kila mmoja upande wake, wakashuka nalo kwenda kwenye treni.