Mistari Mitatu Mitupu

Kila asubuhi kabla ya kengele, kiranja mkuu alitia dawa kwenye pipa la maji ya kunywa, akakoroga, kisha akaweka alama ya vyema kwenye daftari lililoning'inia ukutani. Ghafla bin vuu, kiranja akahama na wazazi wake. Uchaguzi wa kiranja mpya ulikuwa bado wiki mbili.

Jumatatu hakuna aliyeigusa chupa ya dawa. Jumanne na Jumatano vilevile. Kila mmoja alisema si kazi yake, na maji wakayanywa hivyohivyo. Alhamisi watoto kumi na mmoja walishinda wakishika matumbo, akiwemo mdogo wa Kasuku. Kasuku alikuwa msichana wa darasa la sita, aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kupiga domo.

Siku hiyohiyo Kasuku alipoiona chupa imeshika vumbi, alielewa. Akamwomba mama mpishi amsaidie kupima dawa, akatia, akakoroga, akaandika vyema.

"Lo! Malkia kajitawaza!" wenzake walimcheka. "Nani kakuchagua?"

"Hakuna. Ila matumbo hayangoji kura."

Ijumaa mambo yakachacha. Mwalimu mkuu aliamini chakula ndicho kilichoharibika, na mama mpishi akaambiwa afungashe vitu vyake. Bingwa, mvulana aliyegombea ukiranja, akamvuta Kasuku kando.

"Dada, jaza vyema kwenye ile mistari mitatu mitupu. Walimu wakiiona, tumekwisha!"

Kasuku alishika kalamu. Aliogopa, kusema kweli. Kisha akamwona mama mpishi akifuta machozi kwa aproni. Akalichomoa daftari ukutani, akatoka nalo mbio mpaka ofisini.

"Mwalimu, si chakula. Siku tatu maji hayakutiwa dawa. Tuliacha wenyewe."

Mtoto yule ana moyo, jamani! Mwalimu mkuu alisoma, akaenda mwenyewe jikoni kuomba radhi.

Siku ya uchaguzi Bingwa alishinda. Kasuku hakugombea. Alimkabidhi daftari mbele ya shule nzima, mistari mitatu ikiwa mitupu vilevile.

"Kiongozi akiondoka, kazi zake zinabaki," mwalimu mkuu alisema. "Asante, binti, kwa kuzishika bila kuchaguliwa, na kwa kusema ukweli sisi wengine tulipozitupa."

Bingwa alijikuna kichwa. "Dada, hivi dawa inapimwaje?"

Weee! Kasuku akaanza kueleza, na kengele ya kwenda nyumbani ikamkuta bado anaeleza.