Mlango wa Abiria

Pikapu ilikuwa imelala upande wa kushoto.

Wabwile aliona hivyo alipomaliza kufunga springi mpya za nyuma, katika ua wa nyumba yake huko Matisi. Za zamani zilikuwa zimechoka kwa barabara za Endebess, ambako alikusanya maziwa ya wafugaji na kuwapelekea wenye hoteli wa Bungoma. Gari lenyewe lilikuwa na umri wa binti yake, lilivuta kwa magurudumu yote manne, na kwa miaka mingi hakuna fundi mwingine aliyeligusa. Alishusha jeki, akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

Alipima kwa utepe kutoka tairi hadi kwenye madigadi. Kushoto kulikuwa chini kwa upana wa vidole viwili.

Alizitoa springi zote mbili, akazibadilisha, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Kama moja ilikuwa dhaifu, kulala kungehama nayo. Hakukuhama.

Akaenda nalo mjini kwa Inderjit, aliyemuuzia zile springi.

"Chasisi imepinda," Wabwile alisema.

"Haijapinda. Hii gari naijua kabla yako." Inderjit alitoka dukani, akachuchumaa nyuma ya pikapu, akafumba jicho moja. "Bwana Wabwile, si ushushe mzigo kwanza ndiyo tupime?"

"Mzigo gani? Iko tupu."

Inderjit alitazama nyuma, halafu kwenye kabini. "Basi ni kama kuna mtu amekaa," alisema, akacheka. Kisha akakumbuka. "Pole, bana. Sikumaanisha hivyo."

Agneta, mke wa Wabwile, alikuwa amefariki mwezi wa pili. Sasa ulikuwa wa sita.

Siku iliyofuata, adhuhuri, Wabwile alilala chali chini ya gari akikaza nati. Jua lilikuwa kali na ua ulikuwa mtupu. Ivy, binti yake, alikuwa kazini katika shule ya chekechea. Springi ya kushoto ilikuwa mbele ya uso wake. Ililia kidogo, ikashuka, ikapanda tena, kama anavyofanya mtu aliyeketi akijigeuza kitini. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ambayo Agneta alijipaka mikononi kila siku ya ndoa yao.

Kioo kikagongwa. Mlio mwepesi, wa pete.

Wabwile aliujua. Mlango wa abiria haukufunguka kwa ndani. Mkono wa kuufungulia kwa ndani ulikuwa umekufa tangu zamani, na kila walipofika mahali, Agneta alibaki ameketi akigonga kioo kwa pete yake mpaka mumewe azunguke amfungulie. "Dereva, abiria amefika," alikuwa akisema. "Ama umenifungia kama kuku wa soko?" Na Wabwile, aliyeweza kushusha injini nzima na kuirudisha, alikuwa akijibu kwamba wiki ijayo ataurekebisha.

Hata siku ya mwisho alikuwa kwenye kiti hicho. Alikuwa na homa, wakielekea hospitali ya Bungoma alikokuwa na daktari wake. Wabwile alizungumza naye njia nzima, akidhani amelala. Walipofika, kwa haraka yake aliegesha upande wa kushoto karibu mno na ukuta, na wahudumu wakamtoa Agneta kwa mlango wa dereva. Mlango wake haukufunguliwa.

Wabwile alijivuta kutoka chini ya gari. Alizunguka, akafungua.

Springi ikapanda. Gari likasimama sawa.

Alibaki ameushika mlango kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Shuka pole pole. Hapo kuna matope."

Tangu siku hiyo alimfungulia. Asubuhi alifungua mlango, akangoja springi ishuke, akaufunga. Jioni alifungua tena. Ivy alimwona kupitia dirisha la jikoni na akamwacha, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu mazishi baba yake alikuwa anakula. Huko Endebess wafugaji walianza kuulizana. "Huyu mzee anaongea na nani?" mmoja alisema. "Ati anampisha mtu na hakuna mtu."

Kisha kioo kikaanza kugongwa barabarani. Kona ya Kamukuywa ndiyo ilikuwa ya kwanza. Wabwile alidhani Agneta anataka kunyoosha miguu. Alisimamisha gari kando, akazunguka, akafungua, akangoja, akafunga. Baadaye ikawa Misikhu, na mteremko wa kuingia Webuye, mara nyingine hata wakati wa kurudi. Mlio haukuwa ule ule kila mara. Mwingine ulikuwa wa kiganja, mwingine wa kucha. Alifungua. Hakupenda kuuchunguza sana.

Jambo moja hakulifanya. Kila alipopita njia ya vumbi inayoingia kwenye shamba la ukoo, nje ya mji wa Bungoma, alikaza macho mbele. Agneta alikuwa amezikwa huko, na Wabwile hakuwa amerudi.

Gari likazidi kushuka kushoto. Aliongeza jani la chuma kwenye springi, likavunjika. Akafunga jingine, nene zaidi, na bado tairi likaanza kukwaruza madigadi.

"Agneta, umenenepa?" alitania siku moja akiwasha gari.

Harufu ya mafuta ilikuwa imefifia. Iliyojaa kabini ilikuwa ya nguo mbichi na damu ya zamani.

Jumamosi Ivy aliomba lifti hadi Bungoma. Baba yake alisita, kisha akafungua mlango wa abiria na kumwambia akae kwa kujibana. Ivy alicheka kidogo, akaketi. Mpaka Kiminini safari ilikuwa ya kawaida. Baada ya hapo alihisi ubavu wake unasukumwa kuelekea mlangoni, taratibu, kama wanavyosukumana watu kwenye benchi la kanisa anapofika mtu wa mwisho, na baridi ikampanda kutoka mapajani hadi shingoni ingawa jua lilikuwa likimpiga usoni, akasikia pumzi karibu na sikio lake, na nyingine nyuma ya hiyo, na nyingine fupi fupi chini karibu na magoti kama ya mtoto aliyekimbia, na alipotaka kusema hakupata nafasi ya kuvuta hewa kwa sababu kifua chake kilikuwa kimebanwa na mabega asiyoyaona, mpaka, katikati ya msongamano ule, mkono mmoja ukapenya na kuushika wake, mkono mgumu wenye pete, uliopakwa mafuta ya kukamulia, usiotaka kuachia.

"Baba," alinong'ona, "hapa tuko wangapi?"

Wabwile alikanyaga breki. Ivy alivuta mkono wa mlango, ukazunguka bure. Alikuwa akipiga kioo kwa ngumi zote mbili baba yake alipofika na kufungua.

Ivy aliangukia nyasi. Springi haikupanda.

"Mama yuko ndani," alisema, akilia. "Nimemshika mkono. Wanamfinya, baba. Wamemkalia. Ukifungua hapati hata njia ya kushuka."

Wabwile alikuwa ameshika mlango wazi, akitazama kiti kitupu kilichobonyea hadi kwenye vyuma.

Jerono aliletwa kutoka Endebess. Alikuwa mama wa makamo aliyeuza maziwa kwa Wabwile, na watu wa kule walimwita nyumbani palipoingia kitu kisichoonekana. Alizunguka pikapu mara moja bila kuigusa, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Alikuwa anabisha, ukafungua," alisema.

"Ndiyo."

"Ukauliza ni nani?"

"Ningeuliza nini, mama? Nilijua ni yeye."

"Hata kule barabarani?"

Wabwile alitazama chini.

"Si kwenu mtu akibisha mnauliza nani? Hata gari iko na mlango."

"Hao wengine ni majini?" Ivy aliuliza.

"Majini, ama watu waliokufia njiani, mimi sijui. Wakikaa sana bila kwao, wanafanana." Jerono alimgeukia Wabwile. "Wewe unataka tuwatoe?"

"Nataka yeye abaki."

"Hivyo anavyofinywa?"

Wabwile aliutazama mlango wa abiria. "Nilete kondoo wa kuchinja?" aliuliza mwishowe.

"Kondoo wa nini? Tengeneza mlango. Wewe ukimfungulia, anarudi kwako. Mpeleke kwake, aufungue mwenyewe."

"Na akishuka, nitamsikia tena?"

Jerono alimwomba Ivy chai.

Wabwile alipoulizia kitasa cha mlango, Inderjit hakuuliza gari ni ya mwaka gani. Aliingia nyuma ya duka, akarudi na bahasha ndogo iliyoshika vumbi. Ndani mlikuwa na kibanio cha plastiki, ukubwa wa punje ya mahindi.

"Mama Ivy aliniambia nimtafutie," alisema. "Mwaka juzi. Akasema, 'Mzee wangu akikumbuka atakuja kuichukua. Asipokumbuka, usimwambie.' Sasa mimi nilinyamaza."

Nyumbani, Wabwile alifungua ubao wa ndani wa mlango kwa bisibisi. Ufito wa kitasa ulikuwa mzima. Ulikuwa umechomoka tu, kwa sababu kibanio kilikuwa kimevunjika. Alikipachika kipya, akausukuma ufito, ukalia tak. Chai aliyoletewa alipoanza ilikuwa bado moto. Aliketi chini, akaegemeza paji la uso kwenye mlango, na Ivy akarudi ndani ili asimwone.

Waliondoka mchana. Ivy alikaa nyuma, kati ya mitungi ya maziwa. Katika kila njia panda Wabwile alipunguza mwendo na kusema kwa sauti, "Agneta, tunageuka hapa." Siku ya mazishi jamaa walimwita hivyo wakiwa kwenye gari la maiti, ili roho yake isipotee njia. Hakuna aliyeikumbuka pikapu, ambamo alikata roho.

Alikata kona kwenye njia ya vumbi. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, udongo wake umeshaota majani. Alizima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Tumefika kwetu," alisema. "Mimi leo sizunguki. Nimetengeneza."

Mkono wa mlango ulicheza, ukarudi. Ukacheza tena, kwa mashaka, kama unavyoshikwa na mtu aliyezoea kwamba haufanyi kazi. Kisha ukazunguka hadi mwisho.

Mlango ulifunguka. Harufu ya mafuta ya kukamulia ilipita mbele ya uso wa Wabwile. Alifumba macho, akaendelea kuivuta mpaka ikaisha. Mlango ukafungwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukushika.

"Abiria amefika," Wabwile alisema. Kioo hakikugongwa.

Ivy aliruka chini. Alitembea hadi nyuma ya gari, akasimama hapo.

"Baba," aliita kwa sauti ndogo. "Imepanda kidogo tu. Vidole viwili hivi."

Wabwile alishuka kutazama. Tairi la kushoto lilikuwa bado limeingia ndani ya madigadi.

Aliyeshuka alikuwa mmoja, yule aliyekuwa amefika kwake.

Kabini iligongwa kwa ndani, kwa kiganja. Ivy alimshika baba yake shati. "Tuiache hapa. Twende kwa miguu, tafadhali."

"Hapa amelala mama yako."

Aliutoa mkono wa Ivy shatini polepole, akarudi kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Ubavu wake wa kushoto ukaingiwa na baridi. Alitazama mbele, kwenye udongo wenye majani, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akauliza lile ambalo hakuwahi kuuliza.

"Ni nani? Na kwenu ni wapi?"

Kiti kililia kidogo. Halafu, kutoka chini karibu na magoti, sauti ya mtoto wa kike ikajibu kwa kunong'ona kwamba kwao ni Misikhu, lakini hakumbuki nyumba.

Wabwile akawasha gari.