Mguu Chini ya Mkeka

Alasiri, upepo wa bahari ukipita kati ya nguzo za nyumba yao isiyo na kuta, Fuatino alihisi mchanga wa pwani ukimtekenya vidole vya mguu wa kushoto. Ulikuwa mchanga laini, wenye maji ya vuguvugu. Alitabasamu, macho ameyafumba. Alipoyafumbua, mguu wa kushoto haukuwapo. Mwezi uliopita hospitali iliukata chini ya goti. Alikuwa amejikata kwa tumbawe, akaficha kidonda, na kisukari hakikukiacha kipone.

Habari za mchanga hakumwambia mtu. Alichelea kuonekana amerukwa na akili.

Kila siku wageni walikuja kumpa pole. Alikaa nao mkekani, miguu ameikunja kama adabu inavyotaka, kwani kumnyooshea mgeni mguu ni kumtukana. Usiku mumewe, Peniata, alimwekea mto chini ya goti ili apate usingizi mwema.

Siku moja Sieni, jirani yao ambaye ni muuguzi wa zahanati, alikuja kubadilisha bandeji. Alijaribu kulinyoosha goti lile. Likagoma.

"Dada, wapimaji wa miguu ya bandia wanakuja baada ya wiki sita," alisema. "Goti likikakamaa hivi, mguu hutaupata. Nani anakuwekea huu mto?"

"Mimi," alijibu Peniata, kwa fahari kidogo.

"Basi kuanzia leo ulalie wewe, shemeji."

Sieni akawaeleza taratibu. Goti likae limenyooka, mchana na usiku. Kila siku Fuatino alale kifudifudi kwa muda. Bandeji ifungwe vizuri, kigutu kisivimbe. Na mguu wa kulia ukaguliwe kila jioni, hata katikati ya vidole. Kidonda kikionekana, hata kiwe kidogo namna gani, aende zahanati siku hiyohiyo.

Fuatino aliutazama mguu wa kulia. Kisha akauliza polepole, "Sieni, ule mguu uliokatwa, mbona bado nausikia? Leo ulikuwa pwani."

Sieni hakucheka. "Ubongo wako umeishi na mguu huo miaka hamsini na miwili. Bado unautafuta. Wengi huwa hivyo, si wazimu. Kipapase kigutu polepole. Mguu huo ukianza kuuma, niambie, dawa ipo."

Fuatino akashusha pumzi ndefu. Lakini kuhusu goti alikataa. Angewezaje kumnyooshea chifu wa kijiji kigutu, akija kumpa pole? Afadhali akose mguu wa bandia.

Sieni alivuta mkeka mdogo, akamfunika mapajani hadi chini. "Mguu uliofunikwa haumtukani mtu. Mama zetu wakichoka kusuka mikeka, hawafanyi hivi?"

Hufanya, aliwaza Fuatino, lakini si mbele ya chifu.

Kesho yake chifu Tuiloma alikuja. Fuatino alijifunika mkeka, akanyoosha goti kidogokidogo. Lilimuuma. Mzee aliutazama mkeka ulivyoinuka upande mmoja.

"Na huo wa pili unyooshe, mama," alisema mzee. "Utaona wivu."

Nyumba nzima ikacheka. Fuatino naye akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali.

Wiki zikapita. Siku nyingine alilia kwa maumivu, lakini goti liliendelea kushuka, kidogokidogo, kama maji yanayokupwa. Mpimaji alipofika, alijaribu kupitisha kiganja chini ya goti. Hakikupita.

"Limenyooka," alisema, akatoa utepe wake wa kupimia.

Mguu wa bandia ulikuja, yakafuata mazoezi ya miezi. Kisha ikafika Jumapili moja, nyumba imejaa wageni walioketi, na kakao inachemka upande wa pili. Peniata alitaka kuinuka akaichukue. Fuatino akamshika bega, akajiinua yeye kwa fimbo. Aliinamisha mgongo, akateremsha mkono chini kama afanyavyo kila mwenye adabu apitapo mbele ya watu.

"Samahanini," alisema, "napita."

Wageni wakasogeza magoti yao. Akapita.