Masele na Dawa ya Kupe

Kila alasiri wanafunzi wakishatoka, wakulima wa Mwamkulu huingia darasani kujifunza kusoma. Kija, msichana wa darasa la sita, humsubiri dirishani baba yake, Masele.

Masele husoma mbio! Hutiririka bila kukwama, na Kija huvimba kichwa. Bibi Natalia, jirani yao, hufuata neno kwa kidole, husimama, huuliza, "Hapo maana yake nini?" Kija humcheka mpaka mbavu zimuume.

Msimu wa kulima mpunga ulipofika, Meli, ng'ombe wao wa plau, alikuwa hoi kwa kupe. Bila Meli, mwaka huo ni njaa. Masele alileta dawa, akasoma karatasi yake kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kwa pumzi moja.

"Umesikia, mwanangu?"

"Ndiyo, baba!" Kumbe maneno yaliwapita wote wawili.

Masele akamimina dawa kwenye chupa ya soda, akampanua Meli mdomo, kama alivyozoea kunywesha dawa ya minyoo. Bibi Natalia, aliyekuja kushika kamba, aliokota karatasi. Kidole kikaanza kutembea.

"Masele, ngoja!"

"Mama, wewe utamaliza kesho! Ng'ombe anakufa!"

"Atakufa ukimpa hiyo! Wameandika imwagwe mgongoni. Tena... u-si-nyweshe."

Chupa ilishagusa meno ya Meli. Kija aliogopa, akaudaka mkono wa baba yake, dawa ikamwagika chini.

Masele alirudia kusoma, polepole, jasho likimtoka. "Mungu wangu! Nimesoma yote, sikuelewa hata moja."

"Sasa kipimo," alisema Bibi Natalia. "Tarakimu zinanishinda kabisa, baba."

"Hizo niachie mimi." Masele alipima sawasawa dawa iliyobaki, akammwagia Meli mgongoni toka shingoni hadi mkiani.

Wiki iliyofuata Meli alikuwa shambani, akivuta plau. Kija alimfuata Bibi Natalia darasani, macho chini. "Nisamehe, bibi. Nilikuwa nakucheka."

"Nilikuwa nakuona, mjukuu wangu. Meno yote nje!"

Darasa likacheka. Mwalimu wao, Sylvanus, hakucheka. "Kija, kila msomaji ana mahali anapokimbia na mahali anapokwama. Baba yako ana mbio na hesabu, bibi ana uelewa. Asiyeelewa alichosoma hajasoma bado, hata akiwahi kumaliza. Kuanzia leo hawa wawili watakaa dawati moja."

Masele akasogea, akampisha Bibi Natalia.