Nukta Iliyofichwa

"Nyigu, kuna sumu kwenye tangi kuu la kiwanda cha maji. Linafunguliwa kwenda mjini saa sita. Bila ushahidi hawafungi valvu."

"Kompyuta zao zinasemaje?"

"Shwari."

Nyigu, jasusi aliyepewa jina hilo kwa hasira zake, alipachika redio kiunoni na kuupiga mlango wa chumba cha mitambo teke. Beretta mkononi.

Alikuwemo mama wa zamu, macho mekundu mbele ya skrini. Na Mshauri, bwana wa suti aliyeleta programu mpya ya kuchora grafu, amejitandaza kitini kama mwenye nyumba. Mezani, chupa yake ya maji ya dukani.

"Nani kakuruhusu?"

"Hii bastola. Kaa. Tangi lina sumu."

"Sumu gani? Tazama grafu, mstari umelala!"

Kweli ulilala. Lakini Nyigu alimchukia papo hapo. Mtu afanye kazi kwenye kiwanda cha maji, halafu aje na maji yake?

Akatazama mhimili wa wima wa grafu. Namba zilipanda hadi milioni. Hatari ilianzia kumi.

"Mama, mhimili huu nani kaupanga?"

"Unajipanga wenyewe, mwanangu. Unafuata namba kubwa kuliko zote."

"Hiyo milioni iko wapi? Siioni."

Mama wa zamu akaisogelea skrini, akaitafuta.

Njia ya mwongo ni fupi. Nyigu alichomeka kompyuta yake ya ThinkPad, akaipekua programu. Hiyo hapo! Nukta moja ya uongo, thamani yake milioni, imefichwa. Jicho halikuiona, lakini mhimili uliihesabu ukajinyoosha, na sumu halisi ikabanwa chini, ikaonekana si kitu.

Mshauri akamrukia. Kiwiko kikampokea puani.

"Mji mzima una watoto, mshenzi wewe!"

Nyigu akaandika amri moja tu: kilichofichwa kisihesabiwe.

Mhimili ukanywea. Mstari wa sumu ukapanda, ukapita kumi, ukafika arobaini.

"Yarabi!" Mama wa zamu alikigonga kitufe chekundu. Valvu zikajifunga. Hakuna tone lililokwenda mjini.

"Nyigu, vipi huko?" redio ilikoroma.

"Mji umepona. Njooni mzoe taka."

Mshauri aligugumia sakafuni, damu mdomoni. "Maji... naomba maji."

Nyigu akakinga glasi kwenye kibomba cha kupimia maji ya tangi, akamwekea mbele.

"Kunywa. Si shwari?"

Mshauri akageukia ukutani.

Nyigu akaichukua ile chupa ya dukani, akainywa yote, akatoka.